Maswali ya Wasomaji: Pampu ya Mafuta Ifikiwe kwa Njia Ipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, naandika kutoka Tabora mjini. Pikapu yangu ya petroli, ambayo huitumia kukusanyia asali Urambo na Kaliua, ilizimika njiani nikiwa ndiyo kwanza nimetoka kujaza tangi. Fundi aliyeipima amekuta umeme unafika hadi kwenye soketi ya nyaya iliyo kwenye chesisi karibu na tangi, lakini pampu hailii wala haisukumi kitu. Sasa nimepewa ushauri wa aina tatu. Fundi wa kwanza anataka kushusha tangi, wa pili anataka kufungua bodi ya nyuma na kuiinua, na wa tatu anasema hayo yote ni kupoteza siku nzima bure, hivyo akate tundu kwenye sakafu ya bodi kwa grenda, abadilishe pampu, kisha achomelee kipande mahali pake. Nimsikilize yupi? Nyuma nimefungia fremu ya chuma ya kutandikia turubai.

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kukwama. Msikilize wa pili, lakini kwanza ondoa hiyo fremu.

Katika magari mengi ya petroli yenye mfumo wa kielektroniki, pampu huzamishwa ndani ya tangi, na hushikiliwa na mfuniko ulio juu ya tangi hilo. Magari madogo mengi huachiwa kidirisha ndani ya gari ili fundi aufikie mfuniko huo, lakini pikapu nyingi hazina, kwa sababu juu ya tangi kuna bodi ya mizigo. Kwa hiyo ama tangi literemke, ama bodi ipande, na linaloamua kati ya hayo mawili ni kiasi cha mafuta kilichomo. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo, maana yake ni kwamba lita 60 ni kama kilo 45, bila kuhesabu tangi lenyewe. Mzigo huo si wa kushusha kwa jeki moja iliyowekewa kipande cha ubao, kwani mafuta huyumba ndani na tangi huinama upande wasioutarajia.

Anayetaka kushusha tangi lililojaa hana budi kulipunguza kwanza hadi likaribie kuwa tupu. Kwa kuwa pampu imekufa haiwezi kusaidia kutoa mafuta, na shingo za kujazia za magari mengi ya sasa zina vali inayozuia mpira usipite, hivyo mara nyingi hulazimika kufungua mpira mkubwa unaounganisha shingo na tangi na kuyatolea hapo kwa pampu ya mkono. (Tabia ya kuvuta petroli kwa mdomo iachwe kabisa, ikiingia mapafuni hata kidogo ni hatari kubwa.) Kisha kuna mikanda ya chuma inayolishikilia tangi, kinga ya chini kama ipo, mabomba ya mafuta na ya hewa, pamoja na soketi ambayo mara nyingi haifikiki mpaka tangi literemke kiasi cha kiganja, hivyo anayelishusha kwa pupa hukata nyaya. Si njia mbaya, na tangi lenyewe likiwa limetoboka au likihitaji kuoshwa ndani hakuna njia nyingine. Kwako wewe, uliyetoka kujaza juzi, ni kazi isiyo ya lazima.

Bodi ikiinuliwa, mafuta hubaki mahali pake. Fundi hufungua bolti zinazoifunga kwenye chesisi, ambazo kwa kawaida huwa sita au nane, hutenganisha nyaya za taa za nyuma na waya wa ethi, na hufungua skrubu zinazoshika shingo ya kujazia mafuta kwenye ubavu wa bodi. Hizi za mwisho ndizo husahaulika, na watu hushangaa kwa nini bodi imegoma upande mmoja. Si lazima bodi iondolewe yote: bolti za upande wa tangi zikitolewa na za upande wa pili zikilegezwa vya kutosha, bodi inaweza kuinamishwa na kuegemezwa kwa magogo imara, si kwa jeki peke yake. Kuibeba yote kunahitaji watu wanne hadi sita, na kwa gereji za mtaani kwetu watu hupatikana upesi kuliko mashine ya kunyanyulia gari. Fremu yako ya chuma ndiyo itakayowashinda, kwa hiyo ifunguliwe. Bolti zilizoshika kutu zipuliziwe mafuta ya kulainisha usiku wa kuamkia siku ya kazi.

Kuhusu huyo wa tatu, namwelewa, kwa sababu kazi yake huonekana ya saa moja. Lakini grenda hutoa cheche, na chini ya bati analokata, kwa nafasi ya vidole vichache tu, kuna mabomba na nyaya za pampu. Kumwaga mafuta kwanza hakumpi usalama anaoudhani, kwa kuwa tangi lililotolewa petroli hubaki na mvuke, na mvuke uliochanganyika na hewa ndio unaolipuka. Kisha anasema atachomelea hapohapo juu ya tangi! Mkatalie.

Njia yoyote itakayotumika, waya wa hasi wa betri utolewe kwanza, kazi ifanyike mahali penye hewa na si juu ya shimo la gereji, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini. Gari linalopita barabara za vumbi za Urambo hubeba udongo mwingi juu ya tangi. Upulizwe na kufutwa kabla mfuniko haujaguswa, la sivyo utadumbukia ndani na kuziba chujio la pampu mpya.

SWALI: Nina Toyota Corolla ninayoifanyia teksi kati ya Kigoma mjini na Ujiji. Nimeambiwa pampu iko chini ya kiti cha nyuma. Je, ni kweli, na naweza kuifikia mwenyewe?

JIBU: Ni kweli. Inua ukingo wa mbele wa kalio la kiti cha nyuma hadi klipu ziachie, kunja zulia, nawe utaona kibati cha mviringo kilichofungwa kwa skrubu au kugandishwa kwa gundi laini. Chini yake ndipo ulipo mfuniko wa pampu. Usidhani kila gari liko hivyo: katika baadhi ya Subaru za mgongo mrefu kibati kiko kwenye sakafu ya buti, na magari yenye tangi lililogawanyika kupisha shafti huwa na vifuniko viwili, kimoja cha pampu na kingine cha geji tu.

Mabomba bado yanaweza kuwa na presha hata pampu ikiwa imekufa, kwa hiyo zungushia kitambaa kabla ya kuachanisha. Weka alama mahali mfuniko ulipoelekea, na unapoitoa pampu iinamishe taratibu ili mkono wa boya la geji usipinde. Raba ya mfuniko inunuliwe mpya, kwani ya zamani huwa imevimba na haikubali kurudi kwenye mfereji wake. Kabla ya kurudisha kiti, washa swichi mara mbili au tatu bila kupiga stata, huku mwenzako akiangalia kwa tochi kama pana unyevu kwenye maungio. Abiria wasipande siku hiyo mpaka harufu iishe.

SWALI: Hilux yangu ya zamani ya dizeli, injini ya 3L, inameza hewa. Nishushe tangi nibadilishe pampu? Msomaji, Kasulu.

JIBU: Usishushe. Ndani ya tangi lako hamna pampu; dizeli huvutwa na pampu ya sindano iliyo kwenye injini. Anza na kile kitufe cha kusukuma kwa mkono kilicho juu ya chujio la dizeli, kwani mpira wake wa ndani ukichoka hupitisha hewa, kisha kagua mipira na klipu kuanzia hapo kurudi nyuma hadi kwenye tangi.