Barua kwa mwanangu: wakili wa mitaji kazi yake nini?

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Umeniuliza kama ukimaliza sheria hapo Tunguu uende Mahkamani au utafute nafasi kwa mawakili wa mifuko ya mitaji, ile inayokusanya pesa za watu na kununua hisa za kampuni, na mawakili hao hasa wanafanya nini ikiwa hawasimami mbele ya hakimu.

Wanaandika leo jinsi pesa zitakavyogawiwa siku kampuni itakapouzwa au kufa. Tuseme mfuko unatia dola 1,000,000 katika kampuni iliyothaminiwa 4,000,000 kabla pesa hazijaingia. Unapata asilimia 20 ya hisa, maana kampuni sasa ni ya 5,000,000. Waanzilishi hubishania hiyo 20 mpaka usiku, wakasahau kifungu cha nani alipwe mwanzo. Kampuni ikija kuuzwa kwa 3,000,000 tu, mfuko wenye haki ya kurudishiwa mtaji wake kwanza utachukua 1,000,000. Kifungu kikiongeza kwamba baada ya hapo upate pia asilimia 20 yake ya kinachobaki, utachukua 1,400,000. Dola laki nne zimehama kwa sentensi moja, na wakili wa mwanzilishi ndiye aliyepaswa kuiona.

Mfuko nao una umri wake, mara nyingi miaka 10, kisha lazima urudishe pesa za watu. Ndiyo maana utakuta kifungu cha kuwalazimisha wanahisa wadogo wauze pamoja na wakubwa. Kisome mara tatu.

Miaka yako ya mwanzo, lakini, itakwenda kwenye ukaguzi wa kampuni kabla mfuko haujatia pesa: daftari la wanahisa, maazimio ya bodi, leseni, kodi, mikataba. Humo ndimo madili yanamofia. Mtu aliahidiwa hisa kwa mdomo. Fundi wa programu kalipwa ila hakusaini kuhamisha haki zake, kwa hiyo kinachonunuliwa huenda bado ni chake. Na kwetu kuna la mirathi: mwenye hisa kafariki, jina lake limo daftarini bado, warathi wamegawana faida kwa kusikilizana tu. Mpaka mirathi ikamilike Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana na daftari lirekebishwe, hakuna wa kusaini kwa niaba ya hisa zile. Hoteli za pwani zina lao: ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, mgeni hukodishwa. Basi angalia miaka iliyobaki kwenye ukodishaji na kama unaruhusu kampuni kubadili wamiliki.

Usichanganye pia Bara na huku. Kampuni ya hapa husajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, na ya Bara husajiliwa BRELA, wakala wa huko, na uwakili wa upande mmoja haukupi ruhusa ya upande wa pili.

Rai yangu: kaa Mahkamani mwaka mmoja au miwili kwanza. Aliyeona kifungu kibovu kikichanwa mbele ya jaji huandika kwa tahadhari. Jioni jifunze kusoma mizania na kutumia Excel, maana mkataba wa hisa ni hesabu iliyovishwa maneno, na nakuhurumia ukiingia bila hesabu.

Ukija likizo, muombe ami yako faili la kampuni yake. Chora jedwali la wanahisa tangu siku ya usajili mpaka leo, kila uhamisho na karatasi yake. Pasipo na karatasi, weka alama nyekundu, kisha tukae tulitazame pamoja.

Mamaako