Maswali yenu ya baiskeli za milimani: mawe, mchanga na ule udongo mweusi

Wiki hii mmenijazia maswali kweli kweli, nimechukua yale yanayojirudia. Wale mnaouliza bei mtanisamehe, mtumba hauna bei, bei ni wewe na muuzaji na jua la saa sita.

"Mwamba habari. Nipo Kiseke, nimenunua baiskeli ya gia ya mtumba inchi 26, nataka kuendesha njia za vumbi na milima. Nianzie wapi, au ni mpaka niende Lushoto?"

Lushoto kuzuri sijakataa, ila mtu umekaa Kiseke umezungukwa na vilima halafu unaniuliza habari za Lushoto? Hapa Mwanza tuko juu tayari, Ziwa Victoria lenyewe lipo mita 1,134 toka usawa wa bahari, na vilima vyetu vinaanzia pale pale maji yanapoishia, kwa hiyo ndani ya asubuhi moja unapata mchanga wa mwaloni, mwamba mtupu na kinjia cha katikati ya mihogo, na saa nne uko nyumbani unakunywa chai.

Anza upande wa Igombe. Pita uwanja wa ndege, shika njia ya Igombe, ukishafika kule achana na barabara kubwa tafuta vinjia vinavyoshuka ziwani. Nenda mapema maana jua likishawaka ule mchanga mkavu unakula tairi. Halafu angalia chini! Mimi mara ya kwanza nimetoka spidi kwenye kona nikaona eneo limesawazishwa vizuri nikajua ni mchanga tu, kumbe tairi la mbele limeshaingia kwenye dagaa wa mtu walioanikwa, yule mama hata hakufoka, alinitazama akasema "haya, hao ni wako", nikanunua sado nzima na nikarudi nayo mgongoni inanuka mpaka Pasiansi.

Milima iache kwanza. Zoea mchanga wiki mbili tatu, ukiweza kunyoosha usukani kwenye mchanga mambo mengine yatakuja.

"Shikamoo kaka. Nina Phoenix ya babu, haina gia. Inafaa milimani au nitachekwa?"

Marahaba. Nani akucheke Usukumani kwa sababu ya Phoenix? Hiyo baiskeli imebeba magunia ya pamba na mahindi kwenye njia ambazo hawa wenye baiskeli za gia wanashuka wanasukuma.

Na nikuambie kitu, huu mchezo wenyewe ulianza na baiskeli za namna hiyo hiyo. Miaka ya 1970 kule California, Marekani, vijana walichukua baiskeli nzito za kizamani wakawa wanapanda nazo mlimani na kushuka mbio kwenye barabara ya vumbi, mashindano yao ya kwanza pale yalikuwa 1976. Breki zilikuwa zile za kukanyaga pedeli kinyumenyume, sasa kwa ule mteremko habu ya nyuma, yaani kile kitovu cha gurudumu, ilikuwa inapata moto mpaka grisi inaungua inatoka moshi, wakifika chini lazima wafungue wapake grisi upya, ndiyo maana ile njia ikaitwa Repack, yaani kupaka upya. Kwa hiyo Phoenix yako ina ukoo.

Tatizo lako ni kushuka. Zile breki za vyuma zikilowa hazishiki, unabana mpaka vidole vinauma baiskeli inaendelea na safari zake. Itumie kwenye njia za tambarare, Kayenze huko, au Luchelele kando ya ziwa, na mpe fundi abadilishe raba za breki zote nne kabla hujafikiria kilima chochote. Mteremko wa kutisha shuka, sukuma. Kushuka kwenye baiskeli si aibu, mimi nashuka kila wiki.

"Nikifika juu ya jiwe kubwa naganda kabisa, nashindwa kushuka. Nifanyeje?"

Hili ndilo swali la Mwanza, sio bure wanaita Rock City. Kwanza elewa jiwe lenyewe. Mawe yetu ni granaiti, na granaiti kavu inashika tairi kuliko lami, watu hawaamini mpaka wajaribu. Adui ni vitu viwili. Cha kwanza ni zile chenga zinazomeguka toka kwenye mwamba zikabaki zimelala juu yake, ukipita pale ni kama umekanyaga gololi. Cha pili ni maji. Ule utando mweusi unaouona kwenye mawe, ukiwa mkavu hauna neno, ukilowa kidogo tu ni sabuni.

Nina ushahidi kwenye goti. Luchelele, asubuhi, kulikuwa na manyunyu ya dakika kumi tu halafu jua likatoka, nikajua limekauka. Nusu ya chini ya lile jiwe ilikuwa bado kwenye kivuli. Nilishuka vizuri mpaka kile kivuli kinapoanzia, baada ya hapo baiskeli ikaenda kushoto mimi nikaenda kulia, na watoto waliokuwa wanavua na ndoano pale chini wakaniuliza kama narudia tena.

Sasa kabla hujashuka, tembea kwa miguu kwanza. Panda jiwe lako, angalia linapoishia maana mengine yanaishia kwenye ufa, fagia zile chenga kwa kiatu. Ukirudi juu ya baiskeli weka pedeli zote sawa, yaani mguu mmoja usiwe chini ukagonga jiwe, inuka kwenye siti, makalio yarudi nyuma, magoti na viwiko vilegee. Breki tumia zote mbili kwa kidole kimoja kimoja, bana kidogo kidogo tangu juu. Usisubiri spidi ikukute ndipo ubane ya mbele kwa nguvu, utaruka juu ya usukani. Na macho yaangalie unapokwenda, ukiangalia tairi umeshaanguka.

Kingine ni upepo wa tairi. Wengi mnajaza mpaka tairi yenyewe inakuwa jiwe, halafu mnalalamika inateleza. Mtu wa kilo sabini na tairi nene, psi 30 hivi kwenye kipimo cha pampu inatosha. Ukipunguza zaidi ya hapo tyubu inabanwa kati ya rimu na mwamba, unakuta matundu mawili pembeni kama imeng'atwa na nyoka.

"Mbigiri zimenimaliza. Pancha tatu siku moja."

Pole. Usichomoe mwiba njiani kama upepo bado upo, nenda nao mpaka nyumbani. Ile gundi ya maji inayowekwa ndani ya tyubu inasaidia sana kwa matundu madogo. Na ukiziba, pitisha kidole ndani ya tairi taratibu, mwiba wa pancha ya kwanza huwa bado umo mle ndani, ndio unaokupa pancha ya pili.

"Masika tunaendesha au tunapumzika?"

Inategemea unaendesha juu au chini. Vilimani udongo ni wa kichanga, wasukuma wanauita luseni, maji yanapita, mvua ikikatika usiku mchana unaendesha na mchanga ule ukilowa kidogo unakuwa mgumu, raha tupu. Ukishuka bondeni kwenye mbuga, ule udongo mweusi wenye nyufa wakati wa kiangazi, huko sahau. Unaganda kwenye tairi, tairi linajaa mpaka linagusa fremu, halizunguki, unabeba baiskeli ambayo sasa uzito umeongezeka mara mbili. Mimi huwa nabeba kijiti cha kukwangua kuanzia Machi mpaka Mei, na vuli pia, Oktoba mpaka Desemba. Juni mpaka Septemba kavu, ndiyo msimu wenyewe, vumbi tu.

"Naweza kuosha baiskeli ziwani nikitoka mazoezini?"

Hapana. Kwanza mafuta ya cheni yanaenda kwenye maji ambayo watu wanachota. Pili kichocho, wale minyoo wanatoka kwenye konokono wa majini wanaingia kupitia ngozi, huhitaji kunywa, miguu tu inatosha, na pale kwenye majani kando ya maji ndipo konokono wanapokaa. Kama ulishaingia sana nenda kapime, dawa ipo. Na jioni usizubae kwenye vinjia vya majanini, kiboko anatoka kwenda kula jua likizama na hapendi kukutana na mtu njiani. Osha nyumbani, ndoo moja inatosha.

"Mimi ni dada, naendesha peke yangu, vijijini watu wananishangaa na wengine wanazuia nisipite. Nifanyeje?"

Dada yangu, hizo njia zina wenyewe. Hakuna aliyezichonga kwa ajili yetu, ni njia za kwenda kisimani, za ng'ombe, za shuleni, sisi tumezikuta. Kwa hiyo punguza mwendo, shuka, salimia. Asubuhi "mwangaluka", kuanzia mchana "mwadila", ukisalimia Kisukuma mzee aliyekuwa amenuna ndiye anakuelekeza njia na kukupa maji. Kingine, ukiona eneo la majani marefu limeachwa limepumzika hakuna ng'ombe, hilo mara nyingi ni ngitili, malisho yanayotunzwa kwa ajili ya kiangazi. Usikate katikati hata kama kuna kialama cha tairi. Wengi wanaozuiwa ndipo wanapozuiwa.

Kuhusu kuwa peke yako, hapo sikudanganyi, mimi mwenyewe mwanaume siendi vilima vya nyuma ya mji peke yangu. Nenda na mwenzako, mwambie mtu nyumbani unapita wapi, rudi kabla ya saa kumi na mbili. Kushangawa hakuna dawa, ila safari ya tatu watakuwa wamekuzoea, watoto watakimbia nyuma yako mpaka mwisho wa kijiji.

"Kofia ya bodaboda inafaa?"

Bora hiyo kuliko kichwa kitupu, ila kwenye kupanda utapikika humo ndani. Tafuta ya baiskeli, na ikishapigwa chini kwa nguvu mara moja itupe.

"Tuko wanne, tunataka safari ya siku mbili. Sengerema au Ukerewe?"

Sengerema sasa hivi imekuwa rahisi, tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita 3 hivi, zamani mlikuwa mnasubiri kivuko. Mkipita pale kaeni kushoto kabisa, mmoja nyuma ya mwenzake, upepo wa ziwa unapiga ubavuni na malori yapo.

Lakini mimi nawapeleka Ukerewe. Pandeni meli ya Nansio hapa mjini, baiskeli mnazifunga pamoja kwa kamba, na laleni Nansio. Kesho yake tokeni kupitia Rugezi, mnavuka na kivuko kwenda Kisorya, mnarudi kwa upande wa Bunda. Kisiwani njia ni za kichanga, michungwa na mihogo pande zote, milima si ya kutisha. Ila toka Kisorya kuja Mwanza ni mbali, msijidanganye kwamba mtapiga pedeli mpaka nyumbani siku ile ile. Mkichoka simamisheni basi, mwambieni konda mapema baiskeli ni nne, mpatane bei kabla hazijapanda juu ya keria.