Mnauliza, tunajibu: Malaika anayemfundisha Adamu kulima

SWALI: Habari za kazi wapendwa. Mimi niko Portsmouth huku Uingereza, nahudumia wazee. Juzi mwenzangu wa kazini alikuwa anabatiza mtoto kijiji kinaitwa East Meon, Hampshire, akanialika. Sasa birika lao la ubatizo ni jiwe kubwa la mraba, jeusi, la zamani sana, na limechongwa watu wako uchi, nyoka, ndege, wanyama wanakimbizana. Nikapiga picha nikamtumia mama nyumbani, akanirudishia voisi noti ndefu, mwanangu hayo ni mambo gani, watu uchi kwenye maji ya ubatizo? Sikuwa na jibu. Nisaidieni nimjibu mama.

JIBU: Dada, msalimie mama, mpe shikamoo yetu na umwambie hao walio uchi anawajua tangu sande skuli, ni Adamu na Hawa. Ulichokiona hapo ni kitu cha thamani kweli, na wewe umebahatika kusimama nacho karibu, wengi wetu tunaishia kwenye picha.

Birika hilo lilichongwa kwenye miaka ya 1150 hivi na halikuchongwa Uingereza. Jiwe lilitoka Tournai, mji ambao leo uko Ubelgiji, kando ya mto Scheldt. Ni jiwe la chokaa gumu lenye rangi kama ya kijivu, ukilisugua na kulipolish linakuwa jeusi linang'aa ndo maana watu wakaliita marumaru ingawa sio marumaru hasa. Mafundi wa Tournai walikuwa wanachonga mabirika ya namna hii afu yanashushwa mtoni yanavuka bahari, na England yanahesabiwa saba hivi, manne yote yako hukohuko Hampshire kwako: la Winchester kwenye katedro, la East Meon, la St Mary Bourne na la kanisa la St Michael Southampton. Mengine yako Lincoln, Thornton Curtis na Ipswich. Kwanini Hampshire ilipata mengi hivyo, wengi wanaamini ni mkono wa Henry wa Blois, askofu wa Winchester kuanzia 1129 mpaka alipofariki 1171, mdogo wake mfalme Stephen, mtu tajiri sana aliyependa vitu vizuri, na East Meon ilikuwa mali ya maaskofu wa Winchester.

Sasa turudi kwenye picha zako maana hapo ndo penyewe. Pande mbili za jiwe zinasimulia kitabu cha Mwanzo. Mungu anamuumba Adamu, anamtoa Hawa ubavuni, halafu nyoka na lile tunda. Ukigeuka upande wa pili malaika ana upanga anawafukuza Paradiso, na Paradiso yenyewe fundi kaichonga kama jumba la matao, yaani kama majengo ya kwao ya wakati ule, na ukiendelea kidogo tu unamkuta malaika amesimama na Adamu anamwonyesha namna ya kuchimba kwa sepetu, na Hawa yuko hapo anasokota uzi.

Dada, hapo naomba umwambie mama atulie aangalie vizuri. Fungua Mwanzo sura ya 3 uisome yote, inasema Adamu alitolewa bustanini ailime ardhi alikotwaliwa, basi. Hakuna mstari unaosema malaika alikuja kumfundisha. Kwenye jiwe lakini yupo. Wamefukuzwa ni kweli, mlango umefungwa, lakini hawakuachwa wafe njaa, wametumiwa mwalimu wa kilimo! Mimi picha hiyo inanigusa kuliko zote na naona imewekwa mahali pake hasa, maana mtoto anayeletwa kwenye yale maji ni mjukuu wa hao waliofukuzwa, na wazazi waliomleta miaka hiyo ya 1150 walikuwa wakulima, kusoma hawajui, misa ni ya Kilatini, lakini sepetu wanaijua na uzi wanaujua, nyumbani wameviacha asubuhi hiyohiyo. Kwa hiyo uchi ule sio aibu, ndo mwanzo wa habari. Pande mbili zilizobaki ndo za wale ndege na wanyama uliowaona.

Na kama utapata nafasi panda basi uende Winchester uone la pili, lile limechongwa habari za Mtakatifu Nikolao, anampa baba maskini dhahabu ili mabinti zake watatu wapate mahari ya kuolewa nayo, maana huko kwao mahari ilitoka upande wa binti. Ndo huyohuyo ambaye watoto wanamjua kama Santa Klaus. Shika tochi ya simu pembeni ya jiwe, usimulike kwa mbele, vivuli vitakutolea kila mstari wa patasi.

SWALI: Mimi niko Norwich. Makanisa ya vijijini huku nimeona mabirika ya pembe nane, juu ukingoni kuna makovu kama chuma kimeng'olewa, na sanamu zilizochongwa pembeni nyingi hazina nyuso. Ni vita au ni wezi?

JIBU: Yote mawili kwa namna fulani, ila wezi wenyewe walikuwa wanaiba maji. Zamani maji ya ubatizo yalibarikiwa hasa mkesha wa Pasaka na wa Pentekoste na yakabaki humo birikani muda mrefu, watu wakawa wanayachota kwa siri kwenda kufanyia uchawi. Mwaka 1236 Edmund, askofu mkuu wa Canterbury, akaagiza mabirika yafunikwe na yafungwe kwa kufuli. Makovu mengi unayoyaona ndo palipokuwa na pete na bawaba za kile kifuniko, siku zilipong'olewa jiwe likamegeka.

Nyuso ni habari nyingine, na inaumiza. Mkoa wenu wa Norfolk na jirani zenu Suffolk kuna mabirika karibu 40 ya pembe nane ambayo pande saba zimechongwa sakramenti saba, upande wa nane mara nyingi ni Yesu msalabani au Yesu akibatizwa. Yalipokuja mageuzi ya kanisa na baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe, waliochukia sanamu wakapiga nyundo nyuso moja baada ya nyingine. Nane yenyewe ina maana, watu nane waliopona kwenye safina ya Nuhu, na siku ya nane ni siku ya ufufuko.

SWALI: Sisi Iringa kigango chetu hakina birika, padri anabatizia kwenye beseni la plastiki. Je ubatizo wetu umekamilika?

JIBU: Umekamilika kabisa mpendwa, maji na maneno ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ndo ubatizo, jiwe ni heshima tu tunayoyapa yale maji. Hata huko Uingereza beseni limeshatumika sana. Mwaka 1644 Bunge, lililokuwa vitani na mfalme, liliagiza mabirika ya mawe yaondolewe makanisani, wachungaji wakabatizia kwenye beseni karibu na mimbari, na utawala wa mfalme uliporudishwa 1660 mawe nayo yakaanza kurudishwa. Tena ukubwa wa yale mawe una sababu, mtoto alikuwa anazamishwa mara tatu, kwanza ubavu wa kulia, halafu wa kushoto, halafu uso chini, jiwe lazima liwe na shimo pana la kumtosha. Siku hizi wanamiminia kichwani tu kama nyie.

Kitu kimoja ningewaomba mfuate kutoka kwao, sheria ya Kanisa la England inasema bakuli la birika litumike kwa maji ya ubatizo tu na si kwa kazi nyingine yoyote. Basi beseni lenu liandikeni kabisa, lifunikwe kitambaa safi likae sakristia, lisije likaazimwa kuoshea vyombo vya harusi.