Kabla ya Kuuliza DAC Gani, Tazama Mgongo wa Amplifaya Yako

Juzi msomaji mmoja wa Kitengela aliniandikia akitaka nimchagulie kati ya strima mbili alizoonyeshwa dukani, vile visanduku vya kuvuta muziki kutoka intaneti na kuupeleka kwenye amplifaya: ipi ina DAC bora, yaani kigeuzi cha muziki wa kidijitali? Alikuwa tayari kukopa kwenye chama anunue ile ghali. Nikamwomba kitu kimoja tu, anitumie picha ya amplifaya yake kwa nyuma. Kumbe ni risiva ya sinema ya nyumbani, ina matundu ya HDMI na la optiko, lile la waya wa mwanga. Nikamwambia mkopo aachane nao.

Sababu ni hii. Muziki wa kidijitali ni namba tupu. CD, kwa mfano, hubeba sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kila sekunde kwa kila upande, bit 16 kila sampuli. Kazi ya DAC ni kuzigeuza namba hizo ziwe umeme ambao amplifaya itaukuza. Sasa ukitoa waya wa optiko kwenye strima ukauchomeka kwenye risiva, namba zinapita kama zilivyo na kugeuzwa ndani ya risiva. DAC ya strima haijafanya chochote. Hata ukitumia waya za RCA, zile za vichwa vyekundu na vyeupe zinazobeba umeme, risiva nyingi za aina hiyo huupokea ule umeme, zikaurudisha kuwa namba ili zirekebishe besi na umbali wa spika, halafu zikazigeuza tena kuwa umeme, isipokuwa umewasha hali ya Direct, ile inayopitisha sauti bila kuirekebisha. Yaani unalipia kigeuzi, halafu kazi yake inarudiwa na kigeuzi kingine ulicholipia zamani.

Mimi hali yangu ilikuwa tofauti. Amplifaya yangu ni ya stirio, ya kizamani, niliachiwa na shemeji alipohamia Eldoret. Niliivuta kutoka kabatini, nikawasha tochi ya simu, nikapangusa vumbi la nyuma kwa kitambaa: jozi za matundu mekundu na meupe, juu yake maandishi yaliyoanza kufutika, Tuner, Tape, Aux. Optiko hakuna, USB hakuna. Kwa mashine kama hiyo, DAC iliyo ndani ya strima ndiyo inayobeba mzigo wote, kwa hiyo hapo ndipo palipostahili pesa. Nikachukua strima ya WiiM, modeli ya Pro Plus.

Mfano wa WiiM unafundisha vizuri sana. Pro na Pro Plus zina umbo moja na matundu yaleyale. Zilipotoka, Pro iliuzwa dola 149 huko Marekani, Pro Plus dola 219. Tofauti kubwa ni chipu ya DAC: Pro ina ya Texas Instruments, Pro Plus ina AK4493 ya AKM. Mwenye amplifaya kama yangu, hizo dola 70 zina maana. Mwenye risiva ya optiko, ni kama shilingi 9,000 amezitupa.

Nilipoeleza haya kwenye kikundi chetu cha wapenzi wa sauti, walinicheka. Mmoja aliandika kwamba kisanduku kidogo vile hakiwezi kupiga muziki wa mtu mzima. Mwingine akasema spika zangu nizigawe tu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza amplifaya yangu ina matundu gani. Sikujibu, lakini yaliniuma, na sitasema yameisha. Mmoja wao siku hizi hupita kwangu Jumapili mchana. Mara ya kwanza nilimwekea benga ya zamani, na gitaa la pili lilipoingia nikamwona akigeuza shingo kuelekea spika ya kushoto, akabaki ameangalia huko mpaka wimbo ukaisha. Samahani hajaniomba. Ila anarudi.

Ndugu zangu, tuache kununua namba za kwenye boksi. Unasomewa bit 32, kilohezi 768, unatoa pochi. Bit 16 peke yake inakupa takriban desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, na ukiishi karibu na Jogoo Road, na zile honi za matatu, hutazitumia zote hata usiku wa manane. Zile rekodi zetu za miaka ya 1970 hakuna chipu itakayoziongezea kile ambacho maikrofoni haikunasa. Pesa inayobaki ipeleke kwenye spika.

Kitu kinachostahili kuulizwa kuliko DAC ni programu. Muziki wako unaupata wapi, na strima inauingiza kwa njia gani? WiiM Ultra ilipotoka mwaka 2024 ilikuja na skrini na HDMI, na ni ghali kuliko Pro Plus, lakini haikuwa na AirPlay, njia ya Apple ya kurusha muziki kutoka kwenye simu, ambayo Pro na Pro Plus wanayo. Mtu wa iPhone aliyezoea AirPlay angelipa zaidi apate pungufu. Ukiwa na Spotify, tafuta iliyo na Spotify Connect: hapo strima inavuta muziki yenyewe kutoka intaneti na simu yako inabaki rimoti, mama akikupigia wimbo haukatiki. Bluetooth haifanyi hivyo. Inabana sauti, na kila mlio wa simu unapita kwenye spika.

Na piga hesabu ya data mapema. Muziki wa ubora wa CD ni kama megabaiti 635 kwa saa, FLAC, njia ya kubana faili bila kupoteza sauti, huupunguza hadi karibu nusu au zaidi kidogo. Kwa faiba ya nyumbani si kitu. Kwa bando la siku hutafika jioni, afadhali uweke muziki wako kwenye diski iliyounganishwa na kompyuta ya nyumbani na strima iusome kwa DLNA, njia ya ndani ya mtandao wa nyumbani ambayo haili data hata kidogo.