Udi usiuweke kwenye sefu!

Umeuliza uokoe vipi ala zako za muziki moto wa msituni ukija. Nimesoma swali lako mpaka pale uliposema udi na ganuni, zile ala za nyuzi za taarabu, utavifungia kwenye sefu ya kuzuia moto, magitaa mawili na kinanda uvipakie garini. Sikuendelea. Kaka, hivyo hivyo ndivyo nilivyofanya mimi, huku Altadena, California, usiku wa tarehe 7 Januari 2025.

Moto wa msituni walioupa jina la Eaton ulianza jioni. Sisi wa magharibi ya barabara ya Lake amri ya kuondoka ilitufikia baada ya saa tisa usiku, kwa hiyo usidhani nilikurupuka. Nilikosea kwa utulivu kabisa. Gitaa la umeme, garini. Kinanda, garini. Hata stendi ya maiki, garini! Udi wa babu, uliopigwa kwenye harusi za Mji Mkongwe kabla mama hajazaliwa, nikaufunga kwenye sefu nikauambia utulie.

Yule muuza sefu aliniahidi saa nzima ya moto. Hakusema uongo, na hilo ndilo linaloniuma. Saa nzima ni ya karatasi. Sefu za aina ile hupimwa ndani joto lisizidi digrii 177 za Selsiasi, maana karatasi huvumilia hapo. Udi wa zamani umeshikwa na gundi iliyopikwa kwa ngozi ya mnyama, na gundi hiyo ikifika digrii 60 hivi huanza kulegea. Tena kuta za sefu mara nyingi zina jasi, na jasi ikipata moto hutoa mvuke. Kwa hiyo nililipa pesa nzuri kununua chungu cha kuchemshia udi. Na yule muuza sefu nilimwonyesha picha ya udi wenyewe! Akasema, "Hata dhahabu inakaa humo." Dhahabu ina gundi wapi, mzee?

Tuliporuhusiwa kurudi, sefu ilikuwa imesimama peke yake kwenye majivu kama mgeni aliyekosea nyumba ya harusi. Nikafungua. Hati ya nyumba salama salimini, nyumba ndiyo hakuna. Udi haukuungua hata kidogo. Ulikuwa umeachana: mbavu moja moja, uso umejikunja kama chapati iliyosahauliwa, shingo imelala pembeni na nyuzi zake. Fundi niliyempelekea alizitazama mbavu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nitakunywa chai.

Kinanda ni kizima. Bado kinauzwa madukani, na bei imeshuka.

Basi kinachotangulia garini ni kile ambacho hakuna duka litakuuzia tena. Udi kiti cha mbele, mfunge mkanda kama bibi harusi, ganuni nyuma. Magitaa na kinanda nafasi ikibaki, isipobaki viungue, risiti isikutie huruma. Upepo wa kiangazi ukianza, udi ulale ndani ya kasha lake karibu na mlango. Na huko utakakokimbilia usiuache kwenye buti juani, gari lililofungwa linaweza kukaribia joto lile lile la kulegeza gundi.

Sefu kaa nayo, weka pasi za kusafiria. Uliuliza habari za bima pia, na kitu kingine sijui nini, nitarudi. Kwanza nenda kautoe udi, halafu uandike hapa kwamba umeutoa.