Muulize Fundi: AC inayodondosha maji na gesi "inayoisha" kila mwaka

SWALI: AC ya chumbani kwetu, ile ya ukutani ya BTU 12,000, inadondosha maji kitandani usiku. Fundi aliitazama tu kwa macho akasema gesi imepungua. Mume wangu anataka tumlipe. Mnashauri nini? (Msomaji, Kigamboni, Dar es Salaam)

JIBU: Subirini kwanza, dada. Maji hayo ni unyevu wa hewa ya chumba. Unyevu huo ukigusa koili baridi (mabomba yenye vibati vya alumini ndani ya AC) unageuka maji, kama chupa ya maji ya barafu inavyotoka jasho mezani. Kwa joto la Dar, AC ya ukubwa huo inaweza kutoa lita nzima kwa saa. Maji huangukia kwenye trei chini ya koili, kisha hutoka nje kwa mpira usiozidi unene wa kidole gumba. Mpira ukiziba, trei inafurika na nyinyi mnalowa.

Anzeni nje, kwenye mdomo wa mpira. Kama mnakinga maji kwenye ndoo, angalieni mdomo usizame ndani ya maji, maana hewa inanaswa njiani na maji yanarudi ndani. Kosa hili ni la kawaida mno na kulirekebisha hakugharimu hata shilingi. Kama mpira umeziba kwa ule ute mweusi wa vumbi na ukungu, ufyonzeni kwa mashine ya kufyonza maji, mdomo ukiwa umezungushiwa kitambaa ili hewa isivuje. Msipulize kwa kompresa ya gereji. Mpira utachomoka kwenye trei, na maji yataanza kupita ukutani.

Sasa zimeni AC kwenye swichi yake ya ukutani, si kwa rimoti peke yake. Inueni kifuniko cha mbele, mvute machujio. Yaosheni kwa maji ya kawaida au vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, na sabuni kidogo ya vyombo, maji yakitokea upande wa ndani kwenda nje ili vumbi lisizidi kujibana kwenye nyavu. Anikeni kivulini. Juani fremu ya plastiki hujikunja, na chujio lililojikunja huacha upenyo ambao vumbi hupita moja kwa moja hadi kwenye koili. Barabara yenu ikiwa ya vumbi, fanyeni hivi kila wiki mbili.

Koili isuguliwe kwa brashi laini, juu kwenda chini, kufuata vibati vyake vya alumini. Mkisugua kwa upande vitalala, na hewa haitapita tena. Funikeni kwa nailoni kisanduku cha nyaya (mara nyingi kiko upande wa kulia), kisha nyunyizieni koili maji safi polepole, kama lita moja. Maji hayo ndiyo kipimo chenu: yakitoka yote nje kwa mpira, kazi imekwisha. Acheni ikauke vizuri kabla ya kuwasha.

Na gesi? Ikipungua kweli, koili huganda barafu, na barafu ikiyeyuka hudondoka. Lakini chujio chafu nalo hugandisha koili vilevile. Mkiona barafu, zimeni iyeyuke yote, safisheni, mwashe tena. Ikiganda upya na chujio ni safi, hapo muiteni fundi, naye aje na geji ya kupimia gesi.

SWALI: Naishi karibu na bahari. Kila mwaka fundi huongeza gesi. Ndiyo kawaida? (Msomaji, Nyali, Mombasa)

JIBU: Hapana. Gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake inavuja. Kumlipa mtu aongeze bila kuziba panapovuja ni kujaza pakacha maji. Pakeni povu zito la sabuni kwenye nati za mabomba ya shaba pale yanapoingia mashine ya nje, AC ikiwa imezimwa. Mapovu yakikua, mmepaona. Fundi mzuri ataziba, atavuta hewa yote kwa pampu ya vakyumu, ndipo apime gesi kwa mizani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Kibandiko kikisema R32, asivute sigara wala asiwashe moto hapo, kwa sababu gesi hiyo inashika moto.

Kwenu chumvi ya bahari nayo inakula koili ya nje. Isuuzeni mara moja kwa mwezi kwa mpira wa bustani, umeme ukiwa umezimwa, na kamwe si kwa mashine ya kuoshea magari. Kama kisima chenu kina maji ya chumvi, msiyatumie: mtakuwa mnaongeza kilekile mnachokiondoa.

SWALI: AC ikiwaka inanuka kama nguo zilizovundikwa. Nipulizie dawa ya klorini? (Msomaji, Unguja)

JIBU: La. Klorini hula alumini na shaba, na mvuke wake mtauvuta nyinyi mliomo chumbani. Harufu hiyo ni ya ukungu unaoota koili ikibaki mbichi. Baada ya kusafisha, kabla ya kuzima acheni feni peke yake iende nusu saa ili ndani pakauke. Ikiendelea kunuka, mulikeni kwa tochi kwenye tundu la kutolea hewa. Ile ngoma ya feni ikiwa na utando mweusi kwenye mabapa yake, lazima fundi aifungue na kuiosha nje ya mashine. Brashi ya kuchomeka kwa mbele haiisafishi vizuri.