Anti, miaka yote hii ya usaili si itakuwa imeenda bure?

Swali: Anti shikamoo. Nilimaliza digrii ya uhasibu 2021, naishi Mbagala kwa dada. Toka hapo ni maombi ya serikalini tu, kila nafasi ikitoka Ajira Portal natuma, Dodoma nimeshaitwa zaidi ya mara moja, mchujo napita alafu mahojiano ya oral naanguka. CPA, ile mitihani ya wahasibu, nimebakiza masomo mawili. Sasa kuna mzee ana duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo anataka nimshikie stoo na hesabu, laki nne na nusu kwa mwezi. Dada anasema chukua. Mimi naona nikiingia dukani nauli zote na miaka yote vimeenda bure. Nifanyeje?
Mhitimu, Mbagala

Jibu: Marahaba mwanangu. Dada yako kwanza apewe maua yake, toka 2021 anakulisha na bado anakushauri kwa upole.

Hizo nauli na miaka, ukikubali duka havirudi, ukikataa pia havirudi, sasa vinaingiaje kwenye uamuzi wa leo? Siyo wewe peke yako lakini. Kuna watafiti wawili wa Marekani, Arkes na Blumer, 1985 walitoa utafiti wa watu waliokata tiketi za msimu mzima wa maigizo, wengine wakalipa bei kamili na wengine wakapunguziwa kwa bahati tu, na miezi ya mwanzo waliolipa kamili ndo walihudhuria zaidi, wakati maigizo ni yale yale! Hela ikishatoka inatuvuta shati.

Gharama ambayo hujaihesabu ni hii: 450,000 mara miezi 12 ni 5,400,000. Toa daladala na msosi wa mchana, tuseme 120,000 kwa mwezi, inabaki 3,960,000. Hiyo ndo bei ya kukaa kwa dada mwaka mmoja unasubiri tangazo, ila kwa kuwa hakuna anayekuletea risiti huioni. (Kama una deni la Bodi ya Mikopo, 15% ya mshahara itakatwa, yaani 67,500 kwa mwezi, ila hiyo si inapunguza deni lako mwenyewe.) Na ujuzi je? Dukani utakutana na mashine ya risiti ya EFD, kuhesabu mzigo, ritani ya VAT kila tarehe 20, vitu ambavyo paneli ya oral ikikuuliza utajibu kama mtu aliyevishika siyo aliyekariri.

Ila usikurupuke, duka nalo lina gharama yake. Stoo za Kariakoo ni asubuhi mpaka giza na Jumamosi juu, na mzee akikunyima ruhusa ukiitwa usaili basi kila mshahara unaulipia kwa nafasi uliyokosa. Hilo liongee kabla hujaanza, na liandikwe. Mwambie siku ya usaili unaondoka na utaifidia, treni ya SGR ya kawaida kwenda Dodoma ni 31,000, unaenda leo kesho umerudi. Portal haikufungii eti kwa sababu umeajiriwa, maombi ni bure na unatuma usiku kwa simu. Na ukipata serikalini, kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ya sheria ya kazi ya 2004 ni siku 28, mwezi wa kwanza ni siku 7 tu. Kukubali kazi siyo ndoa.

CPA usiiache kisa nimesema kilichotumika kimetumika. Masomo uliyofaulu hayarudishi ada, ila yamekufupishia njia. Linganisha ada ya mawili yaliyobaki na kazi yatakazokufungulia, ya nyuma yaache. Mimi ningechukua duka mwezi huu huu.

Swali: Anti, ajenti nimempa elfu sitini anipeleke Saudia kazi za nyumba, nikafunga kibanda changu cha chapati. Sasa ataka tena elfu kumi na tano za medikali, ati nisipotoa zile za kwanza zimepotea. Nitoe?
Mama Wawili, Likoni

Jibu: Usitoe. Jiulize hivi, mtu unayemjua leo tu, anayekuzungusha namna hii, ungempa elfu kumi na tano? Hizo sitini ndizo anazokukamatia, anajua roho yakuuma. Angalia kama ofisi yake imo kwenye orodha ya maajenti wenye leseni ya National Employment Authority ya Kenya, iko kwenye mtandao wao. Kama hayumo, peleka polisi meseji zote za M-Pesa na risiti kama alikupa, usimtumie neno la kumtisha kabla. Na kibanda kifungue kesho, kila asubuhi unayomngoja yeye wateja wako wananunua chapati kwa jirani.